Mlinzi Aliyezimwa

9 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba naitanguliza, maana najua ukiifungua bahasha hii utaniamkia kwanza ndipo usome.

Sisi huku wazima. Mkaza mjomba wako magoti yanamsumbua kila akipanda ngazi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atapika. Binamu yako amepata kazi ya kushona mashuka ya hoteli na nyumba nzima imejaa nyuzi nyeupe. Jana nimeukuta mmoja kwenye chai. Mimi nimepaka rangi jiko. Ndiyo, katikati ya wiki. Nilikuwa na nafasi.

Utasema kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu huniachi nimalize sentensi, umerithi kwa mama yako, na jambo hili nataka nilimalize.

Zile kompyuta za kuongoza taa za reli ambazo kampuni yenu ilituletea mwaka jana, ndizo unazoziandikia programu wewe, au nilielewa vibaya? Kama ndizo, niambie: kompyuta inaweza kulala macho wazi? Yaani skrini ionekane nzima, taa ziwake vizuri, lakini ndani hakuna mtu? Fundi ishara wetu anasema haiwezekani, ikifa itajulikana. Nikamwambia mbona mimi nimeshaona watu wakilala macho wazi kwenye mikutano ya reli. Hakucheka.

Usinijibu kwa lugha ya darasani. Nieleze kama tulivyokuwa tukielezana mambo jikoni kwa bibi yako.

Mjomba wako

27 Februari

Shikamoo Mjomba, hata kama umeshaitikia.

Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, lakini maji hayakatiki, na mwenye nyumba hana tabia ya kubisha hodi akiwa ameshaingia. Mama ananipigia kila Jumapili kuniuliza kama nakula. Namwambia nakula. Ananiuliza nini. Hapo ndipo mazungumzo yanapoharibika.

Ndiyo, ni zile zile. Mimi niko kwenye kiini cha mfumo, ile sehemu ya chini kabisa inayogawa zamu: programu gani ifanye kazi sasa, ipi isubiri. Na ndiyo, inaweza kulala macho wazi. Sisi tunasema prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, imekwama.

Inakwama kwa namna mbili. Ya kwanza, prosesa inang'ang'ania kazi moja na kuwanyima wengine zamu, kama mtu aliyeshika maiki mkutanoni. Lakini masikio yake bado yako wazi. Saa ikiigonga begani inasikia. Ya pili ni mbaya zaidi: imeziba na masikio. Saa inagonga, haisikii. Hapo skrini inabaki na picha ya mwisho, na taa iliyokuwa kijani inabaki kijani hata dunia igeuke.

Ndiyo maana tunaweka mlinzi. Ni kipande kidogo cha programu ndani ya kiini. Kila baada ya sekunde chache, kazi moja ndogo yenye haki ya kupita mbele ya wote lazima ipate zamu na kuandika "nipo". Saa ikija ikakuta hakuna "nipo" mpya, tunajua prosesa inazunguka palepale. Na kama saa yenyewe haisikilizwi, iko kengele nyingine ndani ya chuma ambayo prosesa haina uwezo wa kuizibia masikio. Hiyo ndiyo inayomwamsha mlinzi. Anaandika ni prosesa ipi imekwama na imekwamia wapi, kisha anaiangusha mashine nzima, na taa zote zinakuwa nyekundu.

Huyo mlinzi nilimwandika mimi, Mjomba. Mwambie fundi wenu alale usingizi. Ikikwama mtajua.

Sasa na mimi nina maswali. Kwa nini unauliza? Na dereva wa treni anapata wapi nafasi ya kupaka jiko katikati ya wiki?

Mpwa wako

12 Machi

Mpwa wangu,

Hatujambo. Jiko limekauka, sasa nipo kwenye mlango. Mkaza mjomba wako anasema rangi niliyochagua inafanana na ya zahanati. Binamu yako anakusalimu na anauliza kama huko kwenu mna vitambaa vya bei nafuu.

Maelezo yako nimeyasoma nikayarudia, na nimeyaelewa. Kuna mahali pamoja tu hapajakaa sawa. Unasema ikikwama taa zote zinakuwa nyekundu. Je, kama hazikuwa?

Usiniulize nimeyaona wapi. Angalia tu.

Mjomba wako

6 Mei

Shikamoo Mjomba.

Umeuliza Machi nakujibu Mei, na sitaomba radhi. Nilipoisoma barua yako nilikasirika. Nilijiambia Mjomba ameendesha treni mpaka sasa anataka kuendesha na kiini changu. Nikaiweka kwenye droo. Ikawa inaniita kila nikipita.

Mwishowe nikachukua kompyuta moja ya majaribio pale karakana, nikaiunganisha na waya mbovu, wa aina ile unayoipata mvua ikiingia kwenye bomba la nyaya, unaoleta ujumbe mwingi kwa pamoja na nusu yake takataka. Kwa muda ikavumilia. Halafu nikaona saa iliyo pembeni ya skrini imesimama. Taa ya kijani inawaka. Nikachomoa kila kitu kinachoiambia kama kuna treni au hakuna. Kijani. Nikakaa kumngoja mlinzi wangu. Nikamngoja mpaka chai ikapoa. Hakuja.

Nikafungua programu mliyoletewa ninyi, siyo ile ninayoifanyia kazi kila siku. Mlinzi amezimwa. Mstari mmoja tu. Na si hilo tu. Kwenye ubao wa mashine kuna kidude ambacho kisipoambiwa "tupo" kila mara, chenyewe kinakata taa zote ziwe nyekundu. Hicho hawakuweza kukizima, basi wakapanga prosesa ya pili ndiyo iwe inakiambia. Ya kwanza inayoongoza taa ikiwa imekufa, ya pili inaitikia kwa niaba yake, kama mwanafunzi anayeitikia jina la mwenzake aliyetoroka darasani.

Nikaenda kwa meneja wa mradi. Hakukana. Alisema mlinzi wangu alikuwa akiiangusha mashine mara kwa mara kwenye majaribio, na wateja walikuwa njiani kuja kukagua.

"Alikuwa anaiangusha kwa sababu ilikuwa imekwama," nikamwambia.

"Tangu tumzime, hakuna tukio hata moja lililoandikwa."

"Anayeandika ndiye mliyemzima."

Akafunga kompyuta yake taratibu, kama mtu anayefunika sufuria, akanipa barua nisaini, kwa kuwa mimi ndiye mwenye sehemu ile. Ilikuwa inakwenda kwenu, kwenye shirika la reli, kusema kwamba kuhusu shauri la dereva fulani aliyegoma kuondoka kituoni, mfumo hauna kumbukumbu yoyote ya kukwama.

Dereva fulani. Nikampigia mama. Alijaribu kunieleza habari za magoti ya mkaza mjomba, kisha akaanza kulia.

Umesimamishwa kazi tangu Januari, Mjomba, na unaniandikia habari za rangi ya mlango.

Sikusaini. Kuhusu mimi hakuna jingine la kusema. Sasa nieleze, na uanzie mwanzo.

Mpwa wako

25 Mei

Mpwa wangu,

Mama yako nimeshamsema, na yeye amenisema, kwa hiyo tuko sawa. Mkaza mjomba wako anasema afadhali umejua, maana amechoka kuishi na mtu anayepaka rangi vitu vilivyopakwa tayari. Jana nilikuwa nautazama uzio wa jirani.

Haya, mwanzo. Ilikuwa asubuhi, mabehewa yamejaa abiria. Nilikuwa kituoni, njia ya pembeni, na njia kuu ilikuwa na treni ya mizigo ya mwenzangu tunayemwita Kofia. Akaondoka yeye kwanza, nikauona kwa macho yangu mkia wa behewa lake la mwisho ukipotelea kwenye kona. Taa ya kutokea pale kituoni ni moja. Akishapita mtu, inageuka nyekundu nyuma yake, na inabaki nyekundu mpaka afike kituo cha mbele. Hiyo ndiyo kazi yake yote, haina nyingine.

Haikugeuka. Kofia amepita chini yake na imebaki kijani, inanitazama.

Mwongoza treni akaniita kwenye redio kutoka chumba cha kuongozea. "Una kijani. Ondoka."

"Kijani hiki si changu," nikamwambia. "Ni cha aliyetangulia."

"Kwenye skrini yangu njia ni tupu."

"Basi njoo uiendeshe skrini yako."

Nikavuta breki nikakaa. Akaniamuru tena, sikuigusa breki. Abiria wakaanza kuja mbele. Mmoja alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi, amevaa koti la kuazima, akanitukania watu ambao hawajawahi kumkosea. Nilimwelewa. Baadaye sana taa ikageuka nyekundu ghafla, kama mtu aliyezinduka. Nilikuja kusikia kwamba kule chumba cha kuongozea mtu aliona saa ya kompyuta haisogei, akaizima akaiwasha, basi.

Kofia alifika salama. Hakuna aliyekufa, kwa hiyo kwao hakuna kilichotokea. Ningeondoka nikamkuta amesimama nyuma ya kona ile, leo ningeitwa marehemu mzembe. Nimekaa, naitwa mkaidi aliyechelewesha abiria. Kati ya hayo mawili nimechagua lenye chakula cha jioni.

Wamenipa njia ya kutokea. Niandike kwamba asubuhi ile macho yalinifanyia ukungu, nipelekwe yadi kusogeza mabehewa matupu mpaka nistaafu. Nimewaambia macho yangu ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinafanya kazi pale kituoni. Sisaini. Shauri litasikilizwa mwishoni mwa Julai.

Na wewe usije. Mimi nimebakiza kidogo, wewe ndiyo kwanza unaanza. Nakukataza kama mjomba wako.

Jambo la mwisho. Barua yako imeandikwa nyuma ya karatasi za mwongozo wa mtumiaji. Tangu lini wewe unaandika miongozo? Umesema kuhusu wewe hakuna jingine. Haya.

Mjomba wako

14 Juni

Shikamoo Mjomba.

Mwambie binamu vitambaa vipo na nimeshamnunulia. Mwambie mkaza mjomba akufichie brashi.

Ndiyo, wamenihamishia kwenye miongozo. Niko chumba cha chini karibu na stoo, naandika jinsi ya kufuta vumbi kwenye skrini. Wenzangu wakinikuta kwenye ngazi wanakumbuka walikuwa wanakwenda kwingine. Mmoja tu, tunayemwita Miwani, niliyekuwa nikikaa naye meza moja, bado anashuka kula na mimi. Haongei juu ya jambo lenyewe, analeta ndizi.

Nimeambiwa nikionekana mbele ya kamati yenu nisirudi kazini. Nikaomba waniandikie hilo. Wamekataa kuliandika, kwa hiyo mimi nachukulia halijasemwa.

Umenikataza kama mjomba na nimekusikia. Nakuja. Utanikasirikia nikiwa nimeshafika, na ukiwa umenipikia.

Mpwa wako

3 Agosti

Shikamoo Mjomba.

Nisamehe kwa kuondoka bila kukaa. Basi la mchana ndilo lilikuwa la mwisho, na wewe walikuwa wamekuweka ukumbini nje kama mtoto aliyepiga kelele. Najua hakuna aliyekueleza yaliyotokea mle ndani. Nakueleza mimi.

Walikuwa watatu mezani, na mwenyekiti ni yule mama mrefu mwenye miwani ya kamba. Meneja wangu alikuja na wakili. Aliponiona hakushtuka, alitabasamu tu, akasema kampuni haikunituma. Nikasema ni kweli, haikunituma.

Akazungumza yeye kwanza, na alizungumza vizuri. Mfumo umethibitishwa, umekaguliwa, hauna kumbukumbu ya kukwama, dereva ni mtu wa zamani asiyeziamini mashine mpya. Wakili akawa anaitikia kwa kichwa kila nukta. Kisha mwenyekiti akaniuliza mimi nina nini. Nikasema nina waya mbovu.

Nilikuwa nimeshajua kwamba chumba chenu cha mafunzo kina kompyuta ya akiba, ile ile, na programu ile ile. Nikaomba iletwe. Meneja akapinga. Mwenyekiti akamuuliza kama ni mashine yao au si yao. Ikaletwa, na ubao wake wa taa ndogo.

Nikaunganisha waya. Tukasubiri, Mjomba, mimi mikono nimeikalia. Saa ya pembeni ikasimama. Nikamwomba mwenyekiti mwenyewe abonyeze kile kitufe cha kuonyesha kwamba treni imeingia njiani. Akabonyeza. Kijani. Akabonyeza tena, akainama akaitazama kwa karibu, kijani. Mjumbe wa kushoto kwake, ambaye tangu asubuhi alikuwa anachora maua kwenye karatasi, akaweka kalamu chini.

Meneja akasema huu ni mchezo wa mezani. Nikamwambia basi tuucheze tena na mlinzi akiwa kazini. Nikaiwasha upya, nikabadilisha ule mstari mmoja, nikakirudisha kile kidude cha ubaoni kwa prosesa ya kwanza. Waya ule ule. Saa ikasimama vile vile. Ukapita muda wa mtu kuvuta pumzi na kuishusha mara chache, kisha skrini ikajaa maandishi, na taa zote zikageuka nyekundu kwa mlio mmoja.

Mwenyekiti akasoma kwa sauti: prosesa ya kwanza imekwama, kwenye programu ya kadi ya mawasiliano. Akavua miwani, ikaning'inia.

"Asubuhi ile dereva aliposema taa inadanganya," akamuuliza meneja, "ninyi mlijuaje kwamba haidanganyi?"

Akajibu kwamba hakukuwa na kumbukumbu. Halafu, nadhani, akayasikia aliyoyasema. Wakili akaomba mapumziko.

Nimefika kazini Jumatatu nikakuta barua mezani kwangu, karibu na stoo. Inasema nimeacha kazi kwa hiari yangu na kampuni inanitakia heri. Nimekata maneno ya hiari, juu yake nikaandika "Si kweli", nikaweka saini yangu nikawarudishia. Kisha nikachukua sweta langu. Usimwambie mama mpaka nipate pa kuanzia.

Mpwa wako

19 Agosti

Mpwa wangu,

Mama yako ameshajua. Usiniulize. Amesema ungekuwa umesaini angekuja huko kukuchapa, na kisha akalia tena, kwa hiyo sijui alikuwa upande gani. Mkaza mjomba wako amekuwekea chumba tayari. Kimepakwa.

Pale ukumbini sikuwa peke yangu. Kofia alikuja, amevaa ile kofia yake, akaketi karibu yangu kwenye benchi. Hakuitwa na mtu. Akasugua mikono. Halafu akaniambia asubuhi ile, nyuma ya kona, alipunguza mwendo mpaka karibu asimame, breki za nyuma zilikuwa zinashika ovyo. Hakuandika popote kwa sababu zilijirekebisha. Nikamuuliza kwa nini ananiambia sasa. Akasema ana watoto wanne na mimi nilikaa. Baada ya mapumziko, wewe ukiwa umeshaliwahi basi, akaingia ndani, akawaambia.

Uamuzi umetoka. Nimerudishwa kazini. Mlinzi wako awashwe kwenye vituo vyote vya njia hii. Ila nimepewa onyo kwa kumtolea mwongoza treni lugha isiyofaa, lile neno la kuja kuiendesha skrini yake. Walidhani nitagoma tena. Nimelisaini hapo hapo kwa mwandiko mzuri, maana hilo kweli nililisema.

Sasa tunasimama mara kwa mara. Taa zote zinakuwa nyekundu, abiria wanalalamika, wakubwa wanapigiana simu. Kuna gazeti limeandika kwamba mashine mpya zimeharibika. Hazikuharibika jana wala juzi, ila sasa zinasema. Mimi nakaa kwenye kiti changu nasubiri, na sina wasiwasi hata kidogo.

Kuhusu kazi yako sijui nikwambie nini. Nilikukataza na sijutii kukukataza, na nimefurahi hukunisikia. Yote mawili ni kweli, yakitaka kugombana yagombane yenyewe.

Mjomba wako

11 Oktoba

Shikamoo Mjomba.

Mama alikuwa hapa wiki nzima. Amepanga upya vyombo vyangu na sasa sipati kijiko. Binamu aambiwe lile shuka alilonitumia ni zuri mno kulilalia, nimelitandika na kulala pembeni.

Nafundisha kwenye chuo kidogo cha ufundi, asubuhi. Wanafunzi wanauliza maswali ya kuudhi na nawapenda.

Miwani alikuja kunitembelea, amekaa kitandani kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Alikuwa ametumwa. Reli wanasimama kila wiki, mlinzi anaandika prosesa imekwamia wapi, na pale ofisini hakuna anayeweza kuona kwa nini. Meneja anaomba nirudi. Nikamwambia narudi kwa siku nitakazotaka mimi, na siku ya kwanza nataka kuona barua yangu imesahihishwa: nilifukuzwa, kwa kukataa kusaini. Miwani akasema hawatakubali. Nikampa ndizi. Wiki iliyofuata akaja na barua.

Kosa lenyewe, Mjomba, lilikuwa dogo la kuaibisha. Ile programu ya kadi ya mawasiliano, kabla ya kugusa ujumbe, inashika kufuli ili mwingine asiuguse. Ujumbe mwingine ukiingia kwa fujo wakati huo huo, prosesa inaacha ilichokuwa inafanya na kuukimbilia ule mpya, na huko inakuta kufuli limeshikwa. Basi inaziba masikio na kumsubiri aliyelishika aliachie. Aliyelishika ni yenyewe. Ingesubiri hadi kiama. Tiba ni kuziba masikio kabla ya kulishika, na kuyazibua ukishaliachia. Mistari michache. Nikajaribu kwa waya mbovu siku nzima, nikabadilisha waya kwa mbovu zaidi, haikukwama.

Meneja alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Alionekana amekonda. Akanishukuru, na nadhani alimaanisha. Halafu akasema, kwa kuwa sasa kosa limepona, bila shaka mlinzi tunaweza kumzima.

Nikamwambia hapana.

Akasubiri nimweleze sababu. Miwani na wenzake wote wakanyanyua vichwa, nao wakasubiri. Nikachukua mkoba wangu nikaenda kula.

Mpwa wako